Neno moja pana mno lilivyozima hataza ya taa

Watu wengi hudhani kuwa hataza, yaani haki ya pekee anayopewa mvumbuzi, hushindaniwa maabarani. Wapi! Mara nyingi hushindaniwa katika msamiati.

Zamani kule Uingereza, mfalme alitoa haki hiyo bila kumbana sana mwombaji aeleze chombo chake kinavyofanya kazi. Mambo yalibadilika polepole katika karne ya 18. Mwaka 1778, katika kesi ya Liardet na Johnson iliyohusu lipu ya kupaka majengo, Jaji Mansfield alishikilia kwamba maelezo ya mvumbuzi sharti yamwezeshe fundi mwingine kukitengeneza kitu hicho muda wa hataza ukiisha. Ni nipe nikupe: umma unakupa ukiritimba wa miaka kadhaa, nawe unaupa ujuzi wako.

Kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi wangu ni cha Marekani. Mwaka 1880, William Sawyer na Albon Man waliomba hataza ya taa ya umeme. Uzi wa ndani wa taa yao ulikuwa karatasi iliyochomwa ikawa kaa. Lakini katika madai yao hawakusema karatasi. Walidai kila kitu chenye nyuzinyuzi au cha kufumwa, kikishageuzwa kaa. Hebu fikiria, msomaji: katani, pamba, makumbi ya nazi, vyote ni vyao!

Wakati huo Thomas Edison alikuwa akihangaika na mimea ya kila namna. Alijaribu zaidi ya 6,000, na mingi sana haikufaa. Kilichomwokoa ni kijiukanda cha mwanzi kilichokuwa kwenye ukingo wa pepeo la mkononi. Mwanzi nao una nyuzinyuzi, kwa hiyo waliomiliki hataza ya Sawyer na Man wakadai kwamba taa hizo zimeingilia haki yao.

Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1895 kwamba madai hayo yalipita kiasi. Lau wawili hao wangegundua sifa moja inayopatikana katika nyuzinyuzi zote, na ambayo ndiyo inayozifanya zifae taa, pengine wangesikizwa. Hawakuigundua. Aliyesoma maelezo yao angelazimika kuanza upya majaribio yale yale ya Edison. Kwa maoni yangu, neno 'karatasi' lingewapa kidogo, ila kidogo cha kweli.

Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001 inadai hayo hayo: maelezo kamili, wazi na mahsusi, yanayomtosha mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani husika. Sasa, fundi wa jua kali Gikomba hukieleza chombo chake kwa Kiswahili, tena barabara, kila kipande na jina lake. Maombi huandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi anayemtafsiria asipolijua jina la kipande, huandika 'kifaa', na hapo ndipo uvumbuzi wenyewe unapopotelea.