Kununua kadogo hakukuanza na sisi

Mwezi jana niliweka video nimesimama mbele ya duka la mtaani hapa Likoni, nikiwacheka watu. Wengine mnaikumbuka. Nilisema kijana anayenunua mafuta ya kumi, sukari ya ishirini na majani ya tano kila jioni ni mtu asiyejipanga, na kwamba wazee wetu waliweza kuweka akiba kwa sababu wao walikuwa wakinunua kwa gunia. Ikasambaa sana ile video. Watu wakanipongeza, wakaandika "ukweli mtupu". Kisha ikamfikia nyanya yangu, kwenye simu ya binamu yangu.

Nyanya hakukasirika. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaniuliza, "Mwanangu, na hilo gunia wewe uliliona wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa wiki tatu nikisoma na kuwauliza wazee, na leo nataka kujisahihisha mwenyewe, maana nilichosema hakikuwa kweli, na kuna watu niliwaumiza bure.

Hebu tuanze na kibaba. Sote tulifundishwa shuleni kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini muulize mtoto wa Kisauni leo kibaba ni kikubwa kiasi gani, atakutolea macho. Kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka, robo ya pishi, yaani kama robo tatu ya kilo hivi. Zama za misafara ya kwenda bara, posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba kimoja. Kwa hiyo hata ile methali tunayoitumia kuhubiria watu akiba, ukiitazama vizuri, inazungumzia chakula cha mtu mmoja cha siku moja. Na neno posho lenyewe halijafa. Ukienda kusaga mahindi Mtongwe au Bangladesh, unakwenda kwenye mashine ya posho.

Sasa neno la pili, kibarua. Ni barua ndogo. Ni kile kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha kwamba leo amefanya kazi, ili alipwe. Kabla ya utumwa kufutwa kisheria hapa pwani mwaka 1907, walikuwepo hata watumwa waliotumwa mjini kufanya kazi za vibarua, na mwenyewe akachukua sehemu ya ujira wao. Baada ya hapo waliokuwa watumwa, watu wa Freretown pale Kengeleni, Wadigo wa Likoni, Wagiriama, watu kutoka bara, wote wakakutana bandarini wakigombania kikaratasi hichohicho. Asubuhi unachaguliwa au huchaguliwi. Ukichaguliwa, jioni una pesa.

Na ukipata pesa jioni, unanunua nini? Unanunua cha jioni. Nyanya aliniambia hivi, na naandika kama alivyosema: "Pesa ikija kwa siku, na unga unakuja kwa siku. Babu yako angeniletea pesa ya mwezi, nami ningenunua wa mwezi. Mimi si mjinga."

Hapo ndipo niliponyamaza. Mimi nilidhani kununua kidogo kidogo ni tabia. Kumbe ni umbo la mshahara.

Lakini kuna jambo ambalo wale wanaotusifia zamani hawalitaji kamwe, nalo ni shamba. Wakoloni walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba vibarua wa bandari ya Mombasa ni wavivu, mtu anafanya kazi siku kadhaa kwa mwezi halafu haonekani tena. Hakuwa mvivu! Alikuwa amevuka ng'ambo kwao, kwenye muhogo wake, minazi yake, kuku wake. Pesa ya bandarini ilikuwa ya kodi, nguo, sukari, mafuta ya taa. Chakula kingi kilitoka nyuma ya nyumba. Nyanya anasema alipoolewa hakujua bei ya nazi, kwa sababu hakuna aliyenunua nazi. Mnazi ulikuwa pale, kijana akipanda anaangusha nne tano, unakaa kwenye mbuzi unakuna, unakamua tui zito unaweka kando, unakamua tena tui jepesi la kupikia, na machicha yanakwenda kwa kuku. Hakuna kilichotupwa. Wali wa jana ukawa mwiku wa asubuhi na chai ya rangi.

Sasa mtu wa leo akiisikia hadithi hiyo anasema, aa, wazee walikuwa wanajua kubana. Jamani, mtu anabana kitu gani kisicho na bei? Leo nenda Mtopanga, nenda Mshomoroni, nenda Shika Adabu, uhesabu minazi iliyobaki. Kila penye mnazi pamewekwa plot. Nazi inanunuliwa moja moja, na wengi wananunua tui la unga la pakiti. Mjukuu anayelipa nazi, anayelipa maji ya mtungi, anayelipa kila kitu hadi mchicha, analinganishwa na bibi aliyelipa sukari na chumvi tu. Ni hesabu gani hiyo?

Pia nyumba. Mombasa tuna mambo yetu ya ajabu, na wageni huwa hawaamini ukiwaeleza: nyumba ni yako, ardhi si yako. Nyumba bila ardhi. Unajenga, na kila mwezi unampelekea mwenye ardhi kodi ya kiwanja, na siku akitaka uondoke huna mengi ya kusema. Ndiyo maana ng'ambo nzima watu walijenga kwa fito na udongo, wakaezeka makuti. Kuna watu wanaona zile nyumba kama umaskini wa akili, eti mtu miaka 40 hajaweka tofali. Angeweka tofali juu ya ardhi ya nani? Kujenga kwa udongo kulikuwa ndiyo akili yenyewe. Na zile nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, mpangaji mmoja kila chumba, jiko uani, zilikuwa na faida ambayo gorofa zetu hazina. Mlikuwa mnaonana sufuria. Mwenzio asipowasha moto siku mbili, unajua. Hakuna aliyelazwa na njaa huku jirani amesaza.

Nisipake sukari hapa. Maisha yalikuwa magumu mno mpaka watu wakagoma. Waligoma 1934, wakagoma 1939 wakati pango lilipowalemea, na tarehe 13 Januari 1947 mji ukasimama kabisa. Bandari, reli, hoteli, hata wapishi wa nyumba za Wazungu. Wafanyakazi kama 15,000, siku zisizopungua kumi. Chege Kibachia akawa kiongozi wao, na watu walikutana kwenye uwanja walioupa jina wenyewe: Kiwanja cha Maskini. Nimelipenda sana jina hilo. Wale ndio wazee wetu tunaoambiwa walijua kuishi na kidogo. Walijua, ndiyo, na walikataa.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomletea nyanya gunia. Kuanzia 1944 vibarua wa bandari walikuwa wameanza kuandikishwa, na katika miaka ya 1950 kamba ikakazwa. Ukikosa kazini siku nyingi unafutwa orodhani, ukibaki unakuwa mfanyakazi kamili. Serikali ilitaka mtu mmoja wa kila siku badala ya watu watatu wa kupokezana. Wengi walikatwa, lakini waliobaki walianza kupata kitu kipya, mwisho wa mwezi. Babu aliingia bandarini baada ya uhuru na akapewa barua ya ajira. Barua, si kibarua. Kule Changamwe nako kulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta tangu 1963, kulikuwa na reli, na viwanda vingine vilivyolipa kwa mwezi.

Nyanya anaikumbuka mara ya kwanza. Babu alivuka feri na mkokoteni, juu yake gunia la mchele, mkungu wa ndizi, na mkebe mkubwa wa mafuta ya Kasuku. Majirani walitoka kutazama. Mkebe ulipoisha mafuta haukutupwa, ukawa kipimo, kama ilivyokuwa Kenya nzima. Mpaka leo sokoni ukisema nipe maharagwe kasuku moja, hakuna anayefikiria ndege. Na nyanya naye akageuka mtu wa mwezi bila kuhubiriwa na yeyote. Akaingia mchezo na wanawake wenzake, mtu akitoa kila mwisho wa mwezi na kupokea kwa zamu. Pesa yake ya siri ilikuwa kwenye pindo la leso, fundo ambalo babu hakuthubutu kuligusa.

Kwa hiyo gunia lilikuwepo, nikubali. Lilikaa kama miaka 30, kwa familia zilizobahatika.

Miaka ya 1990 nitaipita haraka kwa sababu wengi nyumbani mnayo kumbukumbu yake na haipendezi. Noti ya 500 ikapachikwa jina la Jirongo, mwaka 1993 mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46, bei ya unga ikaachiwa soko, na kampuni zikaanza kupunguza watu. Mjomba wangu alikuwa kwenye kampuni moja ya Changamwe. Alipewa barua naye. Barua ilimtoa kazini, kesho yake akarudi getini palepale kutafuta kibarua, kwa bei ya kibarua. Shangazi aliyekuwa ananunua mfuko wa unga wa mwezi akarudi kwenye kasuku, kisha kwenye nusu kasuku.

Makampuni makubwa yaliona hilo kabla ya wachumi. Ghafla kila kitu kikawa na pakiti ndogo: siagi, sabuni ya unga, mafuta ya nywele, viungo. Ndiyo kadogo. Sisi tuliozaliwa baada ya hapo tukadhani dunia imekuwa hivyo siku zote, na tukipata elimu kidogo tunawacheka wanaonunua. Ukweli mchungu ni kwamba kadogo ni ghali. Ukijumlisha mafuta ya kumi kumi mpaka lita itimie, umemlipa mwenye duka zaidi ya aliyenunua chupa nzima. Hilo nililisema kwenye video na halibadiliki. Ila nilimlaumu anayelipa. Mwendesha boda wa Ujamaa anayelaza shilingi 300 baada ya mafuta ya pikipiki na pesa ya mwenye pikipiki, unamwambia anunue chupa ya lita tano, na watoto wale nini usiku huo?

Na kila mlango aliojifungulia wa kubana ulifungwa. Mafuta ya taa ndiyo yalikuwa moto wa mtu wa kadogo, unanunua kichupa cha soda kikiisha umepika. Mwaka 2018 serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, eti kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli. Mchanganyaji sijui alipata hasara gani. Mama wa chumba kimoja alipata. Kinachobaki bure ni feri. Mtu wa miguu havulipishwi Likoni, na naamini bila hiyo nusu ya vibarua wa kisiwani wasingefika kazini. Wakishuka wanatembea, na jua lote lile, kuokoa nauli ya matatu.

Akiba nayo imehama pindo la leso. M-Pesa ilipoanza 2007 nyanya aliikataa miaka minne, kisha akaipenda kuliko sisi. Lakini tazama safari yenyewe. Kwanza simu ilitutumia pesa. Kufikia 2012 ikatufungulia M-Shwari ya kuweka na kukopa. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, deni la kununulia unga wa leo, lenye ada ya siku. Ya siku! Mwenye duka zamani aliandika deni kwenye daftari, akakudai mwisho wa mwezi, na akikutana nawe msikitini anatazama pembeni. Hii mpya haitazami pembeni. Pesa ikiingia tu, imekatwa. Na kwa wale wanangu wa kuweka ile ndege ikipaa mnangoja ilipuke, sitasema kitu leo, nina mkono wangu humo pia.

Kwa hiyo nimeifuta ile video. Mwenzangu mmoja aliniambia nisiifute, inaleta watazamaji. Najua.

Jumapili nilienda kwa nyanya kumsomea haya kabla sijayaweka. Alisikiliza mpaka kwenye gunia, akanikatiza, akasema ulikuwa mchele wa kusagika, mwingi chenga, na nisiwadanganye watu kwamba ulikuwa mzuri. Kisha akafungua pindo la leso, akanipa noti na kunituma dukani, sukari ya ishirini. Zamani angefungiwa kwenye nailoni, lakini mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo muuzaji alichana gazeti, akalikunja kama pembe, akamimina, akapinda mdomo. Nyanya alipolipokea aliligeuza huku na huku.

"Hivi hivi," akasema. "Babu yako alikuwa akiniletea hivi hivi."