Uhaba wa simu ulivyohamahama Dar es Salaam

Anayepanga mfumo wa simu wa kampuni ya Chang'ombe au Mikocheni mara nyingi huanza kwa kuhesabu meza. Hapo ndipo anapokosea, na historia ya simu jijini inaeleza kwa nini. TTCL ilipoanza kazi mwaka 1994, baada ya Shirika la Posta na Simu kugawanywa, nchi nzima haikuwa na laini hata 5 kwa kila watu 1,000. Kiwanda kilijiendesha kwa laini chache zilizopita kwenye swichibodi, na opereta ndiye aliyejua nani asubiri. Kilifaulu kwa sababu watu hawapigi simu wote kwa pamoja. Mdenishi Erlang, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alikwisha kuligeuza jambo hilo kuwa kanuni mwaka 1917. Chukua simu 60 katika saa moja ya pilikapilika, kila moja ya dakika 3: laini 8 zinatosha, na hazifiki simu 1 katika 100 zitakazokuta laini zote zimeshikwa. Meza ziwe 40 au 90, hesabu ni ileile.

Uhaba haukuisha, ulihama tu. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Julai 2009, intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali mno, hivyo aliyetaka kuunganisha matawi yake kwa njia hiyo alikuwa na sababu nzuri ya kubana sauti kutoka kilobiti 64 kwa sekunde hadi 8. Gharama ikahamia kwenye chipu za kuchakata sauti: C5510 iliyotumika kwenye ruta za Cisco hubeba simu 16 zisizobanwa, lakini 6 tu zilizobanwa kwa mbinu ya G.729 kamili. Mtu atauliza, mkongo ukishafika, mipango ya nini tena? Ni kweli kwamba simu za intaneti zikiongea meza kwa meza haziigusi chipu. Inayoigusa ni simu inayotokea laini ya kawaida, au mkutano wa simu, na zote hujazana saa nne asubuhi. Anayenakili mpangilio wa enzi ya setilaiti analipia shida iliyokwisha kuondoka. Ofisi ya Temeke yenye mkongo mlangoni isibane sauti. Ihesabu simu za saa nne, iache meza.