Kabla ya gavana alikuwako liwali

Chumba cha Wamazrui, ukoo ulioitawala Mombasa zamani, kimo ndani ya Ngome ya Yesu, au Ngomeni kama tunavyosema wenyewe. Ni chumba kidogo, na mtu aliyezoea majumba ya serikali ya siku hizi anaweza kupita asijue amepita wapi. Baraza za mawe zimeshikamana na kuta, na boriti zake zimechongwa maandishi ya Kiarabu, aya za Kurani, herufi moja baada ya nyingine kwa mkono uliotulia. Niliketi pale alasiri moja. Jiwe ni baridi hata jua likiwa kali nje. Wageni waliingia, wakapiga picha, wakatoka, na wengi hawakukaa dakika mbili. Hapo ndipo liwali wa Mombasa alipokuwa akiketi na wakubwa wa mji kusikiliza mashtaka, kupokea wajumbe na kuamua vita.

Kilichonipeleka huko ni tarehe. Mnamo 14 Desemba 2025 ilitimia miaka 130 tangu Sultani wa Zanzibar atie saini mkataba wa kuwakabidhi Waingereza uendeshaji wa ukanda wa pwani wa maili 10, na Mombasa ikiwamo. Sikusikia hafla wala hotuba. Wakati huohuo kampeni za 2027 zimeshaanza kunukia, na kila kibaraza cha kahawa kinamjadili gavana: nani atakiweza kiti, nani hakiwezi. Tunakizungumza kiti hicho kana kwamba kilizaliwa 2013. Mji huu ulikuwa na mtawala wake ndani ya Ngome zaidi ya miaka 300 iliyopita, na watoto wetu wanamaliza shule bila kuambiwa jina la hata mmoja wao.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, al-wali, yaani mtu aliyekabidhiwa mamlaka kwa niaba ya mwingine. Waswahili tukaliunganisha na kiambishi chake, tukapata liwali na maliwali. Kwa maana hiyo liwali ni naibu. Ana bwana wake ng'ambo, naye ametumwa kukusanya ushuru na kuilinda bendera. Mombasa ililipa neno hilo maana nyingine kabisa.

Katika kuifuata habari hii nimeegemea vitabu viwili, vyote vya watu wa hapahapa. Cha kwanza ni historia ya Wamazrui aliyoiandika kwa Kiarabu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947. Cha pili ni kitabu cha Sir Mbarak Ali Hinawy kuhusu al-Akida na Ngome, kilichotoka 1950. Hinawy mwenyewe alikuwa liwali. Mmoja anausimulia ukoo wake, mwingine anaisimulia ofisi yake, na kila mmoja ana mapenzi yake. Mimi nayaona mapenzi hayo kuwa ni haki yao.

Wareno waliianza Ngome mwaka 1593. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696, na ilianguka Desemba 1698 baada ya miezi 33 ya njaa na maradhi. Imamu wa Oman, wa ukoo wa Yaarubi, akaweka liwali wake. Wareno walirudi 1728, wakatimuliwa mwaka uliofuata. Miaka ya 1730 kiti kikamfikia Muhammad bin Uthman al-Mazrui.

Hapo ndipo kisa kikubwa kinapoanza. Huko Oman Wayaarubi walikuwa wamedhoofika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na miaka ya 1740 mamlaka yakashikwa na Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi. Kabla ya hapo Ahmad alikuwa nani? Alikuwa liwali wa Sohar. Habari zilipofika Mombasa, Muhammad bin Uthman alikataa kumtii. Hoja yake, kama inavyosimuliwa, ilikuwa nyepesi kueleweka: huyu alikuwa liwali kama mimi, ikiwa yeye ameichukua Oman, nami nimeichukua Mombasa. Mkononi alikuwa na Ngome, mizinga na mji. Ushuru wa forodha haukwenda tena Oman.

Imamu hakutuma jeshi. Alituma watu wachache, kiongozi wao akiwa Seif bin Khalaf, na hila waliyokuja nayo ilikuwa mbaya kuliko jeshi. Walifika Mombasa wakijifanya wamegombana na Imamu, wanatafuta hifadhi. Muhammad bin Uthman aliwapokea kama anavyopokewa mgeni mwenye shida: wakapewa mahali, wakala naye, wakaingia na kutoka Ngomeni bila kuulizwa. Kisha siku moja ya mwaka 1746 wakamuua mwenyeji wao ndani ya Ngome yake. Nikisoma habari hii nawaza juu ya chakula alichowaandalia. Katika pwani hii hakuna aibu inayozidi kumuua mtu uliyekula kwake.

Seif bin Khalaf akakikalia kiti. Ali bin Uthman, ndugu wa marehemu, akatiwa kizuizini mumo humo Ngomeni, na pengine Seif alidhani mambo yamekwisha. Ali akatoroka. Alivuka kwenda bara, akakaa kwa marafiki wa ukoo wake huko, akakusanya watu wa bara na wa mjini. Inasimuliwa pia kwamba alipata msaada wa nahodha mmoja Mwingereza aitwaye Cook. Usiku wakauparamia ukuta wa Ngome kwa ngazi. Mtu aliyesimama chini ya ukuta ule upande wa mtaro ajue maana yake: ukuta umesimama wima juu ya mwamba wa matumbawe uliochongwa, na ukitazama juu shingo inauma. Waliupanda kwa mikono na miguu, wakiwa na silaha, gizani. Kulipokucha Seif bin Khalaf alikuwa amekwisha kuuawa, na Ali bin Uthman ndiye liwali.

Lakini sasa alikuwa liwali wa nani? Oman haikumteua. Aliyemrudisha kitini ni mji, pamoja na rafiki zake wa bara. Kuanzia usiku ule neno liwali katika Mombasa lilikuwa na maana ya mtawala anayesimama kwa ridhaa ya wenyeji. Wenyeji hao walikuwa na mpango wao wa zamani: mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa, yaliyogawanyika makundi mawili, Tisa Taifa upande mmoja na Thelatha Taifa upande mwingine, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kila upande ulikuwa na mkubwa wake, na wakubwa hao walikuwa na usemi katika shauri la mji. Liwali aliyewapuuza alikuwa amekalia jiwe tupu.

Ali aliuawa na jamaa yake mwenyewe miaka michache baadaye, walipokuwa wamekwenda kuishambulia Zanzibar. Akafuata Masud bin Nasir, halafu wengine. Ahmad bin Muhammad alitawala zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki mwaka 1814. Ni enzi ya Muyaka bin Haji, mshairi aliyeyafanya mashairi kuwa silaha ya mji. Ni enzi pia ya kushindwa Shela, ambako watu wa Lamu waliwavunja Wamazrui na washirika wao wa Pate.

Mwaka 1824 Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliwasili, akaikuta bendera ya Kiingereza tayari iko juu ya Ngome. Wamazrui walikuwa wanatafuta kinga dhidi ya Seyyid Said wa Oman. Mapatano ya 9 Februari yaligawa ushuru wa forodha nusu kwa nusu na kupiga marufuku biashara ya watumwa, na Luteni Reitz akaachwa kuusimamia mji. Alifariki mwezi wa Mei mwaka huohuo. London haikuyakubali mapatano, na mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Jambo moja hapa linanikera kila nikilikumbuka. Reitz alikaa Mombasa chini ya miezi minne na jina lake liko mpaka leo katika hori la Port Reitz. Ahmad bin Muhammad alitawala miaka 30 na zaidi, nami sijaona mtaa wenye jina lake.

Wamazrui waliangushwa 1837, na mizinga peke yake isingeweza. Seyyid Said alikuwa amejaribu mara kadhaa akashindwa. Aliweza pale Wamazrui wenyewe walipogombea kiti na masheikh wa Thelatha Taifa wakachoka nao, wakamwita yeye. Liwali wa mwisho wa ukoo, Rashid bin Salim, alikubali suluhu. Baadaye yeye na wakubwa wa ukoo wake wakaalikwa Ngomeni, wakakamatwa ndani, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, na huko wakafia. Kwa mara ya pili mwaliko na ukarimu viligeuzwa mtego ndani ya kuta zilezile. Waliosalia wakahamia Gasi na Takaungu.

Baada ya hapo maliwali waliteuliwa kutoka Zanzibar, alikohamishia Seyyid Said makao yake. Katika zama hizi Hinawy anamnyanyua zaidi al-Akida, Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, kamanda wa askari wa Ngomeni aliyezozana na liwali na hatimaye kumwasi Sultani Barghash. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga Ngome makombora hadi akasalimu amri. Watu walizitungia tenzi na nyimbo siku zile, na Hinawy alizihifadhi. Bila yeye zingepotea.

Kisha ukaja mkataba wa 1895. Sultani alibaki na enzi kwa jina na bendera yake nyekundu, Waingereza wakashika kazi, na malipo yakawa pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na pauni 6,000 za riba juu ya deni la pauni 200,000. Mbaruk bin Rashid wa Gasi alipigana nao hadi 1896, akakimbilia upande wa Wajerumani. Liwali akawa mtumishi wa serikali mwenye mshahara. Alisikiliza kesi ndogondogo za Waislamu, akawa na mudiri chini yake na ofisa Mzungu juu yake. Salim bin Khalfan alishika kazi hiyo, na mwanawe Sir Ali bin Salim akawa Liwali wa Pwani katika miaka ya 1920 na kukaa pia katika Baraza la Kutunga Sheria. Hinawy alikuwa liwali wa Mombasa tangu 1937, halafu wa pwani nzima, hadi alipofariki 1959. Walikuwa watu wenye heshima na elimu. Hata hivyo hakuna kati yao aliyeweza kukataa amri kama Muhammad bin Uthman alivyokataa, na miswada aliyoikusanya Hinawy naiona kuwa kazi kubwa kuliko yote aliyoifanya ofisini.

Sheikh Salim Mohamed Muhashamy alimrithi Hinawy wakati mji ukiwaka moto wa siasa za Mwambao: waliotaka pwani ijitawale au irudi kwa Sultani, na waliotaka Kenya moja. Tume ya Sir James Robertson ilipendekeza mwaka 1961 ukanda uungane na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, wakakubaliana hivyo, na mahakama za kadhi zikapewa dhamana. Bendera nyekundu ikashushwa Ngomeni. Cheo cha liwali kikafutwa, bila hata sherehe ya kukiaga.

Wakaja wakuu wa mkoa walioteuliwa na Nairobi, kisha katiba ya 2010 na kaunti 47. Machi 2013 Hassan Joho akachaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa Mombasa, na 2022 Abdulswamad Nassir akamfuata. Kwa mara ya kwanza mtawala wa Mombasa alipigiwa kura na kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, mwenye taifa na asiye na taifa. Hilo hata Ali bin Uthman hakulipata.

Ningetamani gavana anayeketi leo, au atakayeketi baada ya 2027, aamuru jambo dogo: ubao mmoja kwenye ukumbi wa ofisi yake, wenye majina ya maliwali wote na miaka yao, kuanzia yule wa kwanza wa Imamu hadi Muhashamy, Wamazrui na Wabusaidi pamoja. Majina yapo. Mengi Sheikh al-Amin na Hinawy walishatuandikia.