Neno "Rafiki" na Safari ya Hadithi Moja kutoka Kampala hadi Nairobi

Ni filamu chache za Kenya ambazo zimezungumzwa na watu wengi na kutazamwa na wachache kama Rafiki, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes, Ufaransa, mwezi wa Mei 2018. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha hilo. Wanasheria wameijadili, wahubiri wameilaani, waandishi wa magazeti wamejaza kurasa. Sisi wa idara za lugha, ambao neno lililoipa filamu hiyo jina ni mali ya somo letu, tumesema machache mno. Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya filamu hiyo kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, na hasa kuuliza swali moja: vijana wawili wa jinsia moja wapendanapo, Kiswahili kinawapa neno gani la kuitana?

Kisa chenyewe si kirefu. Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja wa Nairobi. Kena amemaliza shule ya sekondari na anangoja matokeo ya mtihani. Baba yake ana duka, na wakati huohuo anagombea kiti cha udiwani katika bunge la kaunti. Mpinzani wake katika uchaguzi huo ni baba yake Ziki. Wasichana hao wanapendana, wanafumaniwa, wanapigwa na kundi la watu wa mtaa, na kituo cha polisi hakiwapi chochote ila kejeli. Mama yake Kena anampeleka binti yake akaombewe na mchungaji. Ziki anapelekwa London. Ugomvi wa kisiasa baina ya wazazi, kwa maoni yangu, ndio sehemu dhaifu ya filamu. Umewekwa ili kuwe na kizuizi, na kizuizi kilikwisha kuwapo tayari.

Hadithi hii haikuzaliwa Nairobi. Chanzo chake ni "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, mwandishi wa Uganda mwenye asili ya Kitgum. Ilichapishwa mwaka 2006 katika mkusanyiko wa hadithi za mapenzi za Kiafrika uliohaririwa na Ama Ata Aidoo, na mwaka 2007 ikampatia mwandishi wake Tuzo ya Caine, akiwa Mganda wa kwanza kuipata. Wahusika wake ni Anyango na Sanyu, na mahali ni nyumba za Nakawa, Kampala. Nyumba hizo hazipo tena. Zilibomolewa mwaka 2011, miaka mitano baada ya hadithi kuchapishwa, na wenyeji wake wakatawanyika. Basi atakayetaka kuuona mtaa wa Anyango leo hana budi kuusoma.

Jambo la kwanza linalomvuta msomaji wa hadithi hiyo ni nafsi. Anyango hasimulii habari za Sanyu, anazungumza naye. Tangu mwanzo hadi mwisho, mpendwa ni "wewe". Twajua kwamba Kiingereza kwa kawaida humsukuma msimulizi kutaja jinsia mara tu anapoingia katika nafsi ya tatu, wala si rahisi kukwepa. Nafsi ya pili haidai hivyo. Sidai kwamba mwandishi aliichagua kwa sababu hiyo pekee, maana barua kwa mtu aliye mbali ni umbo la kale katika fasihi. Lakini matokeo yake ni kwamba mapenzi yanakuwa na pahali pa kukaa katika sentensi kabla hayajaulizwa ni ya nani na nani.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha tabia yake. Katika lugha yetu hata nafsi ya tatu haidai kitu. "Anampenda" haisemi ni nani ampendaye nani. "Mpenzi wake amekuja" ni sentensi inayoweza kusemwa mbele ya mama, mbele ya mchungaji na mbele ya askari, na kila mmoja akajaza jinsia aitakayo. Wageni wanaojifunza Kiswahili hulitazama jambo hili kama upungufu. Kwa mtu mwenye siri ni hifadhi.

Lakini hifadhi hiyo ina ufa, na ufa uko katika kitenzi. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa zimegawiwa jinsia, na mwanamke akisema "nitaoa" watu hucheka, au hukasirika. Hivyo wapenzi waliojificha vizuri katika viambishi vya nafsi hufichuliwa mara waanzapo kuzungumza habari za kesho. Kauli ya kutendana, kwa upande mwingine, huwarudisha pamoja: "wameoana" haionyeshi nani alioa na nani aliolewa. Yafaa kukumbuka kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 45, iliona haja ya kutamka kwamba haki ya kufunga ndoa ni ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Sarufi ya "kuoa" ingaliweza kuyamaliza hayo bila nyongeza, "kuoana" hakuwezi.

Turudi kwenye jina la filamu. Mwongozaji ameeleza mwenyewe kwa nini alilichagua: Wakenya wengi walio katika mapenzi ya jinsia moja hawawezi kuwatambulisha wenzi wao kama mume, mke au mchumba, na badala yake husema, "Huyu ni rafiki yangu." Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako humaanisha mwenza, na hasa mwenza wa safari. Si neno la uongo, basi. Anayelitumia husema kweli, ila husema kweli pungufu. Nilipoitazama filamu hii ng'ambo, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mtazamaji mmoja pembeni yangu alidhani jina limetokana na nyani wa filamu ya Disney ya 1994. Hakuwa na habari kwamba jina hilo, kwa mwenye lugha, lina tabaka mbili, na kwamba ile ya chini ndiyo filamu yote.

Kuna neno jingine ambalo lingaliweza kushika nafasi ya "rafiki", nalo ni "shoga". Katika miji ya pwani wanawake marafiki huitana "shoga yangu" bila haya wala fumbo, na nyimbo za taarabu zimejaa wito huo. Papo hapo neno hilohilo humtaja mwanamume anayelala na wanaume, na makamusi yetu yameziweka maana hizi mbili bega kwa bega. Kiswahili kilipopanda bara, maana ya kwanza ilibaki nyuma. Jijini Nairobi "shoga" ni tusi, na "ushoga" ni neno la mimbari na la vichwa vya habari, ambalo siku hizi hufunika hata mapenzi ya wanawake. "Basha", "msenge", "msagaji": yote ni maneno ya mtu wa tatu kumhusu mtu asiyekuwapo, au aliyekuwapo akinyamazishwa. Sijapata kusikia katika maneno hayo ya zamani hata moja ambalo msichana wa miaka kumi na minane angemwambia mwenzake usiku na likapokelewa kwa furaha. Kwa hiyo "rafiki" halikuchaguliwa kwa sababu linatosha. Lilichaguliwa kwa sababu halijeruhi.

Nadhani hii ndiyo sababu ya jambo ambalo limewaudhi baadhi ya wapenzi wa Kiswahili waliobahatika kuiona filamu. Lugha zake ni tatu, Kiingereza, Kiswahili na Sheng, na kazi hazikugawanywa sawa. Mizaha ya vijana na makali ya mtaa hukaa katika Sheng na Kiswahili. Kena na Ziki wakiwa peke yao, hasa wanapoahidiana kwamba hawatakuwa kama wasichana wengine wote wanaowaona, huhamia kwa kiasi kikubwa kwenye Kiingereza. Ni rahisi kuliita jambo hili kasumba. Mimi naliona kuwa ni ushahidi. Lugha inayotumiwa kumtusi mtu barabarani si rahisi kuigeuza saa ileile kuwa lugha ya kumbembeleza.

Tena yupo mhusika asiyetumia lugha yoyote. Katika mtaa ule kuna kijana ambaye wenzake Kena humdhihaki na kumdhulumu kwa sababu ya tabia yake. Hajibu. Baada ya wasichana kupigwa, kijana huyo anakuja kuketi kando ya Kena, na wote wawili wananyamaza. Wahakiki wengi wameipita sahihi hii fupi. Kwangu ni onyesho bora kuliko yote.

Rafiki ilikuwa na watangulizi, na si haki kuisahau kazi iliyofungua njia kwa fedha kidogo zaidi. Mwaka 2014 kikundi cha wasanii wa Nairobi kiitwacho The Nest kilitoa Stories of Our Lives, filamu ya rangi nyeusi na nyeupe yenye visa vitano vilivyotokana na masimulizi yaliyokusanywa kutoka kwa Wakenya wenyewe, chini ya uongozi wa Jim Chuchu. Kisa cha kwanza, chenye jina la Sheng "Itisha Poa", kinahusu wasichana wawili wa shule ya sekondari, Kate na Faith, wanaotenganishwa na wakuu wa shule. Ilionyeshwa Toronto mwezi wa Septemba. Mwezi wa Oktoba Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ikaipiga marufuku. Mbali zaidi nyuma, mwaka 1997, Mohamed Camara wa Guinea alitoa Dakan, kisa cha wanafunzi wawili wa kiume wanaopendana. "Dakan" ni neno la Kimalinke, maana yake ni majaliwa. Na mwaka 2017 Afrika Kusini ilitoa Inxeba, yaani "jeraha" katika Kixhosa, inayohusu jando la vijana wa kiume. Majaliwa, jeraha, rafiki: filamu hizi tatu, ambazo adui zao wamezoea kuziita za kigeni, zilikataa majina ya kigeni.

Habari za mahakamani nitazitaja kwa ufupi, kwani zina waandishi wake. Bodi iliipiga Rafiki marufuku mwezi wa Aprili 2018 kwa kudai kwamba inakuza usagaji kinyume cha sheria. Tarehe 21 Septemba mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany aliondoa marufuku kwa siku 7, watu wazima waruhusiwe kuitazama, ili filamu itimize masharti ya kupendekezwa kwa tuzo za Oscar. Watu walijaa ukumbini, ingawa hatimaye kamati ya Kenya ilipeleka Supa Modo. Mwaka 2019 Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou. Mwezi wa Aprili 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba Bodi ilikuwa na haki ya kuipiga marufuku. Bodi ilitoa sababu zake kwa Kiingereza, naye mwongozaji alijibu kwa Kiingereza.

Filamu na hadithi zinaachana katika mambo mengi. Katika hadithi Anyango ni muuguzi. Katika filamu Kena anataka kuwa muuguzi, hadi Ziki anapomuuliza kwa nini asiwe daktari. Katika hadithi wasichana hufumaniwa chini ya mti. Katika filamu maficho yao ni gari bovu lililotelekezwa. Mabadiliko haya ya pili nayasikitikia, kwa sababu mti ule twaujua. Jambula ya Waganda ndiyo mzambarau wetu, mti ulioletwa kutoka Bara Hindi, na tunda lake ndilo lililoipa rangi ya zambarau jina lake katika Kiswahili. Kila mtoto aliyekulia karibu nao anafahamu kwamba tunda hilo huacha rangi ulimini, na kwamba haifai kitu kukana kuwa umelila. Mfasiri atakayeileta "Jambula Tree" katika Kiswahili hatahangaika na kichwa cha hadithi. Atahangaika pale Mama Atim, jirani mwenye mdomo, atakapohitaji neno la kuwaita wasichana wale, kwani atakuwa nayo mengi ya kuchagua; na pale Anyango atakapohitaji lake.

Mama Atim yumo katika kazi zote mbili, na katika zote mbili ndiye mleta habari kwamba aliyekwenda London amerudi. Hadithi inakoma Anyango akiwa bado anangoja. Filamu inakwenda hatua moja mbele: miaka imepita, Kena sasa ni daktari, amesimama mlimani peke yake, na mkono unamgusa begani. Kahiu amesema kwamba Bodi ilimtaka aubadilishe mwisho huo, maana haukuonyesha majuto ya kutosha, naye akakataa.