Vidonda vya Tumbo, Sehemu ya 3: Maziwa, Mawazo na Daktari Aliyekunywa Wadudu

 Tangu niweke sehemu ya 2, meseji nyingi zinauliza kitu kimoja: "Dada nesi, nakunywa maziwa kila siku, tumbo linatulia kidogo halafu linarudi. Shida nini?" Leo nitajibu kwa kuwapa historia, maana huo ushauri wa maziwa haukutoka kwa bibi zetu peke yao. Ulikuwa ushauri wa madaktari wakubwa kabisa.

Kwanza tuwekane sawa. Maumivu yote ya chini ya chembe ya moyo sisi tunayaita vidonda vya tumbo. Mara nyingi hakuna kidonda. Kuna ukuta wa ndani wa mfuko wa chakula ambao umevimba na kuwa mwekundu, kama koo linavyokuwa ukiugua mafindofindo. Hospitali utasikia wakisema gastraitisi. Hali hiyo ikikaa muda mrefu, kwa baadhi ya watu ndipo kidonda chenyewe kinapochimbika.

Sasa, nani aliuona ukuta huo ukifanya kazi ndani ya mtu aliye hai? Mwezi Juni 1822, kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja kibarua wa biashara ya ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akapona, ila tundu la ubavuni halikuziba. Ukitazama pale unauona mfuko wa chakula kwa ndani. Beaumont akaanza majaribio. Anafunga kipande cha nyama kwenye uzi wa hariri, anakiingiza kwenye tundu, anakivuta baadaye aone kimeyeyuka kiasi gani. Aliona kwamba kijana akinywa pombe nyingi, ukuta unakuwa mwekundu na kutoka madoa. Na kitu kilichomshangaza: kuna siku ukuta ulikuwa umeharibika hivyo na mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Aliyaandika yote kwenye kitabu mwaka 1833.

Huyu St. Martin huwa namwonea huruma jamani. Alikuwa maskini, hajui kusoma, na mwili wake ukawa maabara ya mtu mwingine kwa miaka. Alipofariki mwaka 1880 familia yake ilikataa madaktari wasimpasue. Waliuacha mwili uharibike kwanza ndipo wakazika, ili asije mtu kuufuata ule mfuko wa chakula.

Baada ya hapo madaktari wakaikamata asidi. Tumbo linatengeneza asidi ya kuyeyusha chakula, kwa hiyo wakasema adui ni yeye. Mwaka 1910 Karl Schwarz aliandika kwamba pasipo na asidi hapana kidonda, na kauli hiyo ikashikwa kama msahafu. Hapa ndipo maziwa yanapoingia. Mwaka 1915 Bertram Sippy wa Chicago alitangaza tiba yake: mgonjwa analazwa, anapewa maziwa yenye krimu kidogo kidogo kila saa, na katikati anapewa unga wa kupunguza asidi. Wiki kwa wiki. Tiba hiyo ikaenea dunia nzima, ikakaa hospitalini kwa miongo mingi. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "kunywa maziwa", hiyo ni sauti ya Sippy.

Kwa nini maziwa yanatuliza halafu yanakuangusha? Yakifika tumboni yanaifunika na kuipoza asidi kwa muda, unapata nafuu. Lakini protini na kalsiamu zilizomo zinaliambia tumbo litengeneze asidi zaidi. Baada ya saa moja au mbili upo pale pale. Sisemi maziwa ni sumu, mwanao aendelee kunywa, na wewe ukiyapenda kunywa kama chakula. Ila siyo dawa.

Kulikuwa na lawama ya pili, ambayo wanawake inatuumiza hadi leo: mawazo. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita mgonjwa wa tumbo aliambiwa ana hasira, ana wasiwasi, anafanya kazi sana, apumzike. Wengine walikatwa sehemu ya mfuko wa chakula. Kuanzia mwaka 1943 Lester Dragstedt, naye wa Chicago, alikuwa anakata mishipa ya fahamu inayoliamuru tumbo kutoa asidi. Kisha mwaka 1976 ikaingia sokoni dawa ya vidonge, simetidini, ya kupunguza asidi, na watu wakafurahi sana kwa sababu kisu kiliwekwa pembeni. Unameza, unapona. Unaacha, unaumwa tena. Si ndiyo hadithi yako na vidonge vya duka la dawa?

Twende Perth, Australia. Mwaka 1979 Robin Warren, daktari anayepima vinyama kwa hadubini katika Royal Perth Hospital, aliona wadudu wadogo waliojipinda wamekaa juu ya ukuta wa tumbo la mgonjwa. Wakati huo kila mtu alifundishwa kwamba hakuna mdudu anayeweza kuishi kwenye asidi ile. Warren akaendelea kutazama, na kila palipokuwa na wadudu aliona ukuta umevimba. Mwaka 1981 akaungana naye daktari kijana, Barry Marshall. Wakachukua vinyama kutoka kwa wagonjwa 100 wakijaribu kuwaotesha wadudu hao maabara. Hawaoti. Kumbe maabara ilikuwa inatupa visahani baada ya siku mbili, na mdudu huyu ni mvivu wa kukua. Sikukuu ya Pasaka mwaka 1982 visahani vikasahaulika kwa siku zaidi. Waliporudi kazini, wameota!

Marshall alipotaka kuwaeleza wenzake kwenye mkutano wa wataalamu wa tumbo nchini kwake, mada yake ilikataliwa. Akajaribu kuwaambukiza nguruwe wadogo, ikashindikana. Mwaka 1984 akafanya ambalo sitaki mtu yeyote aliige: alipimwa kwanza kwa mpira wenye kamera kuonyesha tumbo lake ni zima, kisha akanywa mchuzi wenye wadudu hao. Mkewe hakuambiwa kabla. Baada ya siku chache akaanza kutapika asubuhi, na mdomo ukanuka. Siku ya 10 wakampima tena, ukuta wa tumbo umevimba na wadudu wamejaa. Hakupata kidonda, alipata gastraitisi, ile ile ninayowaeleza. Mkewe akataka aanze dawa mara moja, na akaanza.

Hata baada ya hapo ilichukua miaka 10, hadi 1994, kwa jopo la wataalamu Marekani kutamka kwamba mwenye vidonda na mdudu huyu apewe antibaiotiki. Mwaka huo huo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa likamweka mdudu huyo, H. pylori, kwenye kundi la visababishi vya saratani ya tumbo. Mwaka 2005 Warren na Marshall wakapewa Tuzo ya Nobel. Hebu fikiria ni watu wangapi walikatwa tumbo katikati hapo.

Kwa nyumba yako maana yake ni hii. Wengi wetu tulimpata mdudu huyu utotoni, ndani ya familia, kwa mate au kwa mikono yenye uchafu wa choo. Ndiyo maana siwapendi mama wanaomtafunia mtoto chakula na kumtemea mdomoni. Wengi wanaishi naye bila dalili, kwa hiyo usikimbie kupima watoto wote kwa sababu tu umesoma hapa. Mtoto analalamika tumbo kwa sababu mia moja, muache daktari aamue.

Wewe mwenye maumivu yasiyoisha, omba kipimo cha choo au cha pumzi. Kile cha damu ya kidoleni kinaweza kusoma "ndiyo" hata kama mdudu alishaondoka zamani, na nimeona watu wamepewa dozi tatu kwa mwaka kwa ajili ya kipimo hicho. Kabla ya kupima mwambie mhudumu kama unatumia omeprazoli au umemeza antibaiotiki mwezi uliopita, maana zinamficha mdudu. Dozi yenyewe ni dawa ya asidi pamoja na antibaiotiki mbili au zaidi, mara nyingi siku 14, na inachosha: mdomo mchungu, kichefuchefu, kuharisha kidogo. Wengi wanaacha siku ya tano wakisikia nafuu, kisha wanagawana zilizobaki na shemeji. Mdudu aliyebaki anakuwa sugu na dozi inayofuata inagonga mwamba. Ukimaliza, rudi kupima baada ya wiki nne au zaidi. Kama una ujauzito sema mapema, mara nyingi tiba hii husubiri ujifungue.

Na siyo kila gastraitisi ni mdudu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaukwangua ukuta ule ule, pombe pia. Pilipili inakuunguza ila haijathibitika kwamba ndiyo chanzo.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukikonda bila sababu au chakula kinakwama, usiandike meseji kwangu, nenda hospitali usiku huo huo.

Sehemu ya 4 ni hizo dawa za maumivu tunazomeza mgongo ukiuma baada ya kujifungua. Niandikieni hapo chini mnatumia ipi, jina lilivyo kwenye pakiti.