Tunduma: Mpaka wa Wakubwa, Njia ya Wenyeji

Waajemi na Wayunani walipigana miaka mingi, wala hawakuacha kufundishana. Herodoto, mwandishi wa habari za vita vyao, alizaliwa Halikarnaso, mji wa Kiyunani uliokuwa chini ya mfalme wa Uajemi. Warumi nao waliishinda Uyunani kwa silaha, kisha wakawapeleka wana wao kusoma kwa walimu wa Kiyunani. Mashindano ya namna hiyo hayakuwa ya Bahari ya Kati peke yake. Yalitokea pia katika nyanda zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ulipo leo mji wa Tunduma, Mkoa wa Songwe.

Kabla ya kuwekwa mpaka, nchi hiyo ilikuwa ya Wanyamwanga, Wanyiha na jirani zao. Mwaka 1881 James Stevenson, tajiri wa Glasgow, alitoa fedha ili ijengwe barabara ya kuyaunganisha maziwa hayo mawili. Baadaye Wajerumani walifika kutoka pwani, na ushindani ukaanza. Tarehe 1 Julai 1890 serikali hizo mbili zilitia saini mkataba wa kugawana nchi, na barabara ya Stevenson ikaangukia upande wa Waingereza. Hata hivyo, mkataba uleule uliruhusu watu na bidhaa za pande zote mbili kupita kati ya maziwa hayo bila kutozwa ushuru. Basi tangu mwanzo mpaka huu ulikuwa ukuta wenye mlango. Mwaka 1898 wapima ardhi walikuja kuuonyesha mstari huo juu ya nchi, na Wanyamwanga wakajikuta wamegawanywa kati ya dola mbili.

Wageni walishindana katika elimu pia. Mbozi walikaa wamisheni wa Moravian kutoka Ujerumani, na mmoja wao, Traugott Bachmann, alilitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Mwenzo, kusini ya mpaka, Waskoti wa Livingstonia walifungua shule zao. Serikali ya Kijerumani ilikitumia Kiswahili katika maboma na shule. Ng'ambo ya pili Kibemba ndicho kilichopata nguvu. Wenyeji hawakuona sababu ya kuchagua lugha moja na kuitupa nyingine. Walizishika zote, na mpaka leo sokoni Tunduma na Nakonde mtu hununua kwa lugha moja na kuuza kwa nyingine.

Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 wapagazi wengi walitwaliwa vijijini, pande zote mbili, wabebe mizigo ya vita visivyo vyao. Mwanzoni mwa Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck alivuka mpaka, akaishambulia ngome ya Fife, karibu na Mwenzo, akafika Kasama. Alisalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza. Washindani walikuwa wamebaki mmoja, na mpaka wao ukadumu vilevile.

Baada ya uhuru walikuja washindani wengine. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya baharini. Marekani ilisaidia kuijenga upya barabara kuu. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kuukataa mpango wa reli, na China ikakubali kuijenga. Reli ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Barabara ya mmoja na reli ya mwingine zote zapita Tunduma. Dar es Salaam na Lusaka zilipata zote mbili kwa sababu hazikukubali kuwa milki ya yeyote kati ya wafadhili hao.

Methali yasema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Ni kweli, nao wapagazi wa 1918 ni mashahidi. Lakini nyasi za Tunduma hazikuumia tu, bali ziliota tena katika nyayo za tembo hao. Dola zilizouchora mpaka zimeondoka. Lugha, soko na undugu vimebaki mikononi mwa wale ambao mkataba wa 1890 haukuwataja kuwa wenye shauri. Mwanafunzi wa historia atakayesoma mikataba peke yake atawajua waliogawa nchi, asiwajue walioiunganisha.