Dim sum: Mlo wa Kichina ‘unaogusa moyo’ na mambo anayopaswa kuyajua mlaji wa Pwani

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

WAKAZI wa Bagamoyo wamezoea kueleza asili ya jina la mji wao kwa maneno mawili: bwaga moyo. Wapo wanaosema ni moyo uliobwagwa na mtumwa aliyefikishwa pwani akijua kuwa hatarudi tena kwao. Wapo pia wanaosema ni moyo wa mpagazi aliyetua mzigo wa pembe za ndovu baada ya safari ya miezi mingi kutoka bara.

Mbali ng'ambo ya bahari, kusini mwa China, upo mlo ambao jina lake nalo limejengwa juu ya neno moyo. Mlo huo huitwa dim sum, kwa lahaja ya Kikantoni, na maana yake ya moja kwa moja ni “kugusa moyo”. Ni vyakula vidogo vidogo vinavyoliwa pamoja na chai, na katika miji mikubwa ya dunia vimekuwa sababu ya familia kukutana mezani siku za mapumziko.

Katika jiji la Dar es Salaam, baadhi ya migahawa ya Kichina huandaa vyakula hivyo. Kwa mkazi wa Fukayosi, kata iliyo kando ya barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata yenye urefu wa kilomita 64, kwenda kuvila ni safari ya kutwa. Ni vema basi anayeifunga safari hiyo, hususan akiwa na wazazi au watoto, akajua mapema anachokwenda kukikuta. Asiyejua anaweza kula kitu ambacho dini yake inakikataza, au kuletewa bili ambayo hakuitarajia.

Vitafunwa vya chai

Njia rahisi ya kuielewa dim sum ni kuilinganisha na chai ya asubuhi ya Mswahili. Mezani huwekwa buli la chai, kisha vitumbua, mandazi, sambusa, kaimati na mkate wa kumimina. Hakuna chakula kimoja kinachosimama peke yake kama mlo. Kila mmoja huchukua kidogo cha hiki na kidogo cha kile huku mazungumzo yakiendelea.

Ndivyo ilivyo kwa Wakantoni. Wao hawasemi wanakwenda kula dim sum, bali husema wanakwenda “yum cha”, yaani kunywa chai. Chakula ni vitafunwa vya kusindikizia chai hiyo. Hata neno lenyewe “cha” ni ndugu wa neno letu “chai”, ambalo lilitoka China likapitia Uajemi na India kabla ya kutua katika pwani ya Afrika Mashariki.

Tofauti kubwa ni kwamba chai ya Kichina hainywewi kwa sukari wala maziwa. Mhudumu huuliza kwanza ni chai ya aina gani inayotakiwa: ya yasmini yenye harufu ya maua, ya oolong iliyo kati ya kijani na nyeusi, au ya pu'er iliyo nyeusi na nzito, ambayo Wakantoni huiamini kuwa hukata mafuta ya chakula. Mlaji aliyezoea chai ya tangawizi na mdalasini huweza kuiona hafifu mwanzoni, lakini kazi yake ni kusafisha kinywa kati ya chakula kimoja na kingine.

Asili yake

Desturi hiyo ilikulia katika Jimbo la Guangdong, hususan mji wa Guangzhou ambao kwa karne nyingi ulikuwa bandari kubwa ya biashara na mataifa ya nje. Katika karne ya 19 nyumba za chai ziliongezeka mjini humo, zikashindana kwa ubora wa vitafunwa. Kutoka hapo desturi ilihamia Hong Kong, ambako nyumba ya chai ya Luk Yu iliyofunguliwa mwaka 1933 ingali na sifa hadi leo.

Kwa kuwa Wachina wengi waliohamia Marekani, Uingereza na Australia katika karne ya 19 na ya 20 walitoka Guangdong na Hong Kong, mlo huo ulisambaa pamoja nao. Mwaka 2009 mgahawa mdogo wa Tim Ho Wan ulifunguliwa Hong Kong, na baada ya muda mfupi ukapewa nyota moja na kitabu cha Michelin, heshima ambayo hapo awali ilizoeleka kwa migahawa ya gharama kubwa.

Yanayoletwa mezani

Vyakula vingi vya dim sum hupikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vidogo vya mianzi vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Kikapu kimoja kwa kawaida huwa na vipande vitatu au vinne.

Kinachotangulia kwa umaarufu ni har gow, kamba waliofungwa ndani ya ngozi nyembamba ya unga inayoonyesha kilichomo. Ngozi hiyo hutengenezwa kwa wanga wa ngano unaochanganywa na wanga mwingine, mara nyingi wa muhogo, zao ambalo mkulima wa Mkoa wa Pwani halihitaji kuelezwa. Wapishi hupimwa kwa chakula hiki: ngozi isipasuke inapoinuliwa, wala isigande kwenye kikapu.

Cha pili ni siu mai, chenye umbo la kikombe kidogo kilichoachwa wazi juu, ambacho asili yake ni nyama ya nguruwe iliyochanganywa na kamba. Cha tatu ni char siu bao, andazi jeupe na laini lililojazwa nyama ya nguruwe iliyochomwa kwa mchuzi mtamu. Vipo pia cheong fun, ambavyo ni mikunjo ya unga wa mchele iliyofunika kamba au nyama ya ng'ombe, na wali unaonata uliofungwa kwa majani ya yungiyungi pamoja na kuku.

Miguu ya kuku, ambayo katika mitaa ya Dar es Salaam huuzwa kwa bei nafuu jioni, katika dim sum ni chakula cha heshima. Hukaangwa kwanza, ikachemshwa kwa viungo, kisha ikapikwa kwa mvuke na mchuzi wa soya nyeusi iliyochachushwa hadi ngozi ikaachana na mfupa yenyewe.

Upande wa vitamu, mgeni kutoka Pwani atajihisi yuko nyumbani. Vimo viduara vya unga wa mchele unaonata vilivyoviringishwa katika ufuta na kukaangwa, ambavyo humkumbusha mtu kaimati. Imo pia keki ya mvuke iitwayo ma lai go, ambayo jina lake linataja Wamalei, na ambayo kwa ulaini wake inakaribiana na mkate wa kumimina. Vipo vilevile vikombe vya unga vilivyojazwa yai na sukari, viitwavyo dan tat.

Suala la halali

Kwa jamii ya Pwani, ambayo sehemu kubwa ni Waislamu, hili ndilo jambo la kuangaliwa kuliko yote. Nguruwe ni nyama kuu ya mapishi ya Kikantoni, na haimo tu katika vyakula vinavyotajwa kuwa vya nguruwe.

Har gow huitwa chakula cha kamba, lakini kwa mapishi ya asili kamba hao huchanganywa na vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe ili wawe laini. Keki ya figili, ambayo kwa jina huonekana kuwa ya mboga, mara nyingi huwa na soseji ya nguruwe na kamba wakavu. Wali wa majani ya yungiyungi huweza kuwekwa soseji hiyo pamoja na kuku. Unga wa dan tat kwa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Aidha, nyama nyingi hulowekwa katika mvinyo wa mchele kabla ya kupikwa.

Kwa hiyo, kuuliza “hiki kina nguruwe?” hakutoshi. Maswali yanayofaa ni matatu: je, ndani yake kuna mafuta ya nguruwe, je, kimewekwa mvinyo, na je, vikapu na mafuta ya kukaangia vinatumika pia kwa nguruwe. Mgahawa wenye cheti cha halali huondoa mashaka hayo. Usio na cheti, hata kama mhudumu ni mkarimu, humwachia mlaji mwenyewe kuamua.

Hata hivyo, si kweli kwamba dim sum haiwezi kuwa halali. China ina mamilioni ya Waislamu, wakiwamo wa kabila la Wahui, na migahawa yao hutambulishwa kwa neno “qingzhen”. Hong Kong, ndani ya jengo la Msikiti wa Ammar eneo la Wan Chai, upo mgahawa unaojulikana kwa dim sum ya halali, ambako kuku na ng'ombe huchukua nafasi ya nguruwe. Malaysia nayo ina migahawa ya aina hiyo.

Tahadhari nyingine ni kwa watu ambao miili yao haipatani na kamba, karanga au ufuta. Kamba hutumika hata mahali ambapo hawaonekani, hivyo mtu wa namna hiyo hana budi kueleza hali yake kabla ya kuagiza.

Adabu za mezani

Wakati wa dim sum ni asubuhi hadi mchana wa mapema. Katika migahawa mikubwa ya Hong Kong wahudumu walizoea kusukuma matoroli yenye vikapu kutoka meza hadi meza, mlaji akionyesha anachotaka. Migahawa mingi sasa hutumia karatasi ya orodha ambayo mteja huiwekea alama.

Adabu zake hazimpi tabu Mswahili. Mtu hajimiminii chai kabla ya kuwamiminia wenzake, na mdogo humhudumia mkubwa. Anayemiminiwa hugonga meza polepole kwa vidole viwili kama ishara ya shukrani. Husimuliwa kuwa ishara hiyo ilianzia kwa Mfalme Qianlong, aliyetawala kuanzia mwaka 1735 hadi 1796, ambaye akiwa safarini kwa kujificha alimmiminia chai mtumishi wake. Mtumishi, kwa kuogopa kumfichua, alisujudu kwa vidole badala ya kupiga magoti. Buli likiisha, kifuniko huachwa wazi, na mhudumu huelewa kuwa maji yanahitajika.

Vijiti vya kulia si lazima, na kuomba uma si aibu. Asiyependeza ni yule anayevisimika vijiti vyake wima katika bakuli la wali, kwa kuwa hivyo ndivyo udi unavyochomwa katika ibada za kuwakumbuka wafu.

Kuhusu bili, udogo wa vikapu ndio mtego. Kila kimoja huonekana cha bei ndogo, lakini meza ya watu watano huweza kumaliza vikapu 15 bila mtu kujihisi ameshiba sana. Pia, katika migahawa mingi chai hutozwa kwa kila kichwa. Inashauriwa kuagiza kwa awamu, kuanzia na vikapu viwili kwa kila mtu, na kuuliza bei ya chai kabla haijamiminwa.

Uhusiano wa zamani

Wanaoudhania ugeni wa China katika pwani hii kuwa wa juzi wanapaswa kufika Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Vyombo vya kauri vya Kichina vimepatikana huko, na katika makaburi ya Kunduchi bakuli za aina hiyo zilipachikwa katika nguzo kama mapambo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika kasri la mfalme wa China, na miaka michache baadaye merikebu za Zheng He, amiri aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu, zilifika pwani ya Afrika Mashariki.

Karne tano baadaye walikuja wajenzi wa Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Machi 2013, wakati wa ziara ya Rais Xi Jinping nchini, yalitiwa saini makubaliano kuhusu bandari ya Bagamoyo, ambayo utekelezaji wake ulisimamishwa mwaka 2019 wakati wa utawala wa Rais John Magufuli.

Bahari nayo inahusika katika sahani hiyo. Maji ya Bagamoyo na Saadani, yanakomwaga mito ya Ruvu na Wami, ni miongoni mwa maeneo makuu ya kamba nchini pamoja na delta ya Rufiji. Mwishoni mwa mwaka 2007 Serikali ilisimamisha uvuvi wa kamba kwa meli za kukokota nyavu baada ya mavuno kupungua. Kamba wachanga hukulia katika mikoko, hivyo mikoko inayokatwa kwa ajili ya kuni au chumvi hupunguza kamba wa mvuvi mdogo kabla hajafika sokoni, achilia mbali ndani ya kikapu cha mianzi.

Mkazi wa Fukayosi atakayeketi siku moja mbele ya buli la chai isiyo na sukari atakuwa, kwa namna fulani, amekutana na mambo anayoyajua: muhogo, ufuta, mchele na kamba. Akiuliza maswali yake mapema, kuhusu nguruwe, mvinyo na bei, atabaki na kazi moja tu, ya kuwamiminia chai wakubwa wake kwanza.